Wakili Aliyeokota Mawe ya Ardis Haugerud

Uzio wangu na uzio wa Ardis Haugerud ni mmoja, na tumeufunga waya pamoja miaka hamsini na moja sasa, kwa hiyo nikisema sijaona kichwa kigumu kama chake, nasema kwa ushahidi. Wapo watu hapa Hollum watakaokwambia ana maringo. Wamwache. Mwenye maringo hutaka umtazame yeye, na Ardis hata kioo hana muda nacho. Anachotaka ni ulitazame shamba lake, na usipolitazama vizuri atakushika mkono akupeleke mwenyewe.

Ardhi ya upande wetu huzaa mawe. Baridi ya Minnesota huingia ardhini futi nne, maji ya chini yakaganda na kuvimba, na mawe yaliyolala huko tangu enzi yakasukumwa juu kidogo kila mwaka. Theluji ikiyeyuka mwezi wa nne, shamba uliloliacha safi unalikuta limejaa vichwa vya mawe, mengine kama kiazi, mengine kama ndama aliyelala. Basi tunaokota. Trekta linaburuta ubao mpana chini kwa chini, watu wanafuata nyuma, kila mtu anainama, anabeba, anatupa ubaoni, wiki mbili au tatu mpaka shamba lipitike. Siku hizi wengi wameacha, wengine wamenunua mashine, na mashine haioni jiwe dogo. Kwenye kona ya shamba la Haugerud kuna lundo lililoanzwa na babu wa mume wa Ardis, Orlin, na limeshaupita mlango wa zizi kwa urefu.

Ardis aliolewa pale akiwa na miaka kumi na tisa, binti wa mwenye duka la vyerehani mjini, vidole laini, hajui kushika chochote kizito kuliko pasi. Mama mkwe wake alisema mbele za watu kwamba msichana yule atafika Pasaka, asizidi. Pasaka ya mwaka ule ikaangukia mwezi wa tatu, mawe hata hayajatoka, na Ardis akamwambia mkwewe amweleze Pasaka ipi. Mwezi wa nne aliingia shambani na glavu za mumewe, akatoka na kucha tatu zimekufa, na tangu siku hiyo hakuna mwaka aliokosa. Alizaa mtoto wake wa pili mwezi wa tano. Mwezi wa nne alikuwa anaokota.

Huyo ndiye mtu ambaye mwaka themanini na saba benki ilitaka kumnyang'anya shamba.

Yaliyowafikisha pale ni yaliyowafikisha wengi. Miaka minane nyuma, bei ya ardhi ilipokuwa inapaa, mtu wa benki alikunywa kahawa mezani kwao akawashawishi wanunue ekari themanini za jirani, akasema ardhi haijawahi kushuka. Riba ikapanda, ardhi ikashuka. Mwisho walikuwa wanadaiwa karibu mara mbili ya bei ambayo mtu yeyote angelinunulia shamba lote. Sisi wengine tuliponea chupuchupu kwa sababu hatukuwa wakulima wazuri wa kutosha mpaka benki ije kutushawishi.

Orlin ni mtu wa maneno matano kwa siku, na mwaka ule alibaki na mawili. Alianza kwenda kanisani kupitia mlango wa nyuma. Hapa kwetu deni ni kama ugonjwa wa ngozi, unavaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Ardis alimwacha akae hivyo majira yote ya baridi. Theluji ilipoanza kulainika, alimwambia mficha uchi hazai, avae koti, wanakwenda kutafuta wakili.

Hapa Hollum wakili alikuwa mmoja, mzee Sundet, aliyeandika wosia wa kila mtu. Ila Sundet alikuwa na kiti kwenye baraza la benki, na kwa heshima yake aliwaambia mlangoni, kabla hawajavua kofia, wasimweleze neno. Akawaandikia jina la kijana aliyefungua ofisi makao makuu ya wilaya, juu ya duka la misumari, mtu wa kuja anayeitwa Lowell Kubicek. Orlin aliuliza kama huyo ni Mkatoliki. Sundet akasema ndiyo. Orlin akatumia neno lake la pili la siku hiyo, ambalo sitaliandika.

Nilikwenda nao, maana Ardis alisema anahitaji mtu wa kukumbuka yaliyosemwa. Orlin aliegesha pikapu nyuma ya duka la mbegu, mitaa miwili mbali. Watu wa kwetu hulitambua gari la mtu kabla hawajamtambua mwenyewe, na pikapu mbele ya ofisi ya wakili wa kufilisika ni tangazo. Ardis hakushuka. Alikaa ameweka mkoba mapajani akamwambia arudi barabarani.

"Mimi sijaiba," alisema. "Egesha mlangoni."

Orlin akaegesha mlangoni, sawasawa chini ya kibao cha wakili, na wanaume wawili waliokuwa wanatoka duka la misumari wakapunga mkono kisha wakajifanya hawajapunga.

Kubicek alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini, tai imechomoza kwenye ukosi wa nyuma. Alianza kueleza, na Ardis akamkatiza kwa adabu akasema maswali ataanza yeye, kwa sababu yeye ndiye anayeajiri. Sijawahi kuona mtu aliyefilisika akikaa vile kwenye kiti. Alitaka kujua ameshughulikia mashamba mangapi kwa sheria hii mpya ya wakulima. Kubicek akasema sheria ina miezi mitano, yeye ana kesi mbili, na hata moja haijaisha. Nikadhani tunainuka. Ardis akamuuliza ameyapoteza mangapi kabla ya hapo, kwa sheria ya zamani.

"Kumi na moja," alisema Kubicek.

"Ya nani?"

Akayataja majina ya familia zote kumi na moja, moja baada ya jingine, hakufungua faili. La tisa lilimkwama, akafumba macho mpaka likaja. Ardis akamwambia Jumamosi aje shambani saa mbili asubuhi na viatu vya maana. Kubicek akatabasamu akaeleza kwamba wakili hulipwa kwa saa.

"Jumamosi hulipwi," Ardis alisema. "Sijakuajiri bado. Kwetu hatununui ng'ombe bila kumwona akitembea."

Alikuja. Viatu vilikuwa vya maana, vya shemeji yake, vikubwa kwa namba mbili. Ardis akampa glavu, akamweka nyuma ya ubao upande wake wa kushoto, mimi kulia, Orlin kwenye trekta, tukaanza na lile shamba la kaskazini. Hakumwuliza neno la sheria asubuhi nzima. Mimi nilimcheka kimoyomoyo, kwa sababu ilipofika saa nne alikuwa anainuka kwa awamu, kama meza ya kukunja. Nilipomwambia kwamba Wakatoliki wamezoea kupiga magoti kwa hiyo kazi hii ni yao, alisema amezoea kupiga magoti kwenye mto wa kanisani, si kwenye tope. Nikaanza kumpenda.

Adhuhuri tulikula tambi za nyama za oveni na mkate, mezani kwa Ardis, na Kubicek hakuweza kufunga vidole kwenye kijiko. Ardis akamwambia, bila kupamba, kwamba ameajiriwa. Kubicek akauliza kwa nini, maana alijua hakuokota hata nusu ya alichookota yule mama.

"Hukuruka madogo," Ardis alisema. "Anayeruka jiwe dogo ataruka na mstari mdogo kwenye karatasi."

Ndipo wakazungumza mambo ya malipo, na kwamba hata hayo lazima jaji ayaone na kuyakubali, na Ardis akaridhika kusikia kuna mtu wa kumkagua wakili. Kisha Kubicek akaichora ile sheria nyuma ya mfuko wa sukari ili Orlin aione. Jaji atapima shamba lingeuzwa bei gani leo. Bei hiyo ndiyo benki italipwa polepole, kwa miaka mingi. Deni lililozidi hapo litaingia kwenye fungu la pamoja, lilipwe kwa kitakachobaki baada ya chakula na mbegu kwa miaka michache, halafu lifutwe. Jaji akiandika bei ya chini, wanaweza kuilipa na wanabaki. Akiandika ya juu hawaiwezi, na shamba linakwenda mnadani.

Tukaona kichekesho chenyewe kabla hajamaliza kuchora. Benki, ambayo mwaka juzi iliandika barua kwamba shamba halina thamani ya kutosha kupewa hata mkopo wa mbegu, sasa itasimama mahakamani ilisifu kama bibi harusi. Na wenye shamba watatakiwa kukaa kimya likipondwa.

Kubicek alimgeukia Ardis. Alisema hatamwomba aseme uongo hata wa neno moja, na akimsikia anausema atamwacha. Ila asisifu.

"Sisi hatusifu," Ardis alisema, na kwa mila zetu alikuwa anasema kweli. Mtu wa Hollum akipewa mtoto mzuri kuliko wote wilayani, atasema si mbaya. Akila chakula kitamu mpaka machozi yamtoke, atasema kinalika. Nadhani Kubicek alirudi kwake siku ile akiamini hilo jambo limekwisha. Hakujua kwamba sisi hatusifu vyetu, lakini hatujapata kukaa kimya vikitukanwa. Nami nilijua na sikumwambia, na hilo lilinikosesha usingizi baadaye.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nane, katika mji mkubwa ulio mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Tulikwenda watu kumi na wanne kutoka kanisani, na keki kwenye masanduku, maana hatujui kwenda mahali popote mikono mitupu. Mlinzi wa mahakama alikataa keki isiingie ndani. Mke wa mchungaji akamkatia kipande, kikaingia ndani ya tumbo lake.

Shahidi wa kwanza wa upande wetu alikuwa mthamini aliyetafutwa na Kubicek, bwana mmoja mstaarabu mwenye ramani. Alifanya kazi yake vizuri mno. Alisema shamba la Haugerud ni la daraja la kati kwenda chini. Alisema upande wa mashariki unatuama maji, kaskazini ni mawe, zizi ni la kizamani, na kwamba kwa macho ya mnunuzi hakuna cha kuvutia. Kila neno lilikuwa linaliokoa shamba. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya Ardis, nikaona shingo yake ikianza kuwa nyekundu kutoka kwenye ukosi kwenda juu. Mthamini aliposema hakuna cha kuvutia, nywele zenyewe zilisogea. Nikajua tumekwisha.

Kisha mthamini wa benki akasema shamba lile ni miongoni mwa bora upande wa magharibi ya wilaya, udongo mweusi, uzio umenyooka, mashamba safi kama meza. Ardis akatikisa kichwa kukubali. Kubicek akaweka mkono juu ya karatasi zake na kuzitazama.

Alipoitwa Ardis mwenyewe, Kubicek alimwuliza machache na kuketi, akimwacha salama. Lakini wakili wa benki alikuwa mtu mzima, sauti ya taratibu, na alikuwa ameiona ile shingo. Alisimama akamwita mama, akamsalimu, akauliza wana miaka mingapi pale. Kisha akasema kwa huruma kwamba lazima imemuuma kusikia mtaalamu wake mwenyewe akisema shamba lake ni la hovyo.

"Yule bwana hajui kitu," Ardis alisema.

Orlin alitazama viatu vyake. Wakili wa benki akasema, kwa upole uleule, kumbe basi si la hovyo.

Na Ardis akafunguka. Alisema lile shamba la kaskazini unaweza kulipita kwa trekta gia ya tatu kutoka mwanzo hadi mwisho bila plau kugonga kitu, na amtajie mtu mwingine wilayani anayeweza. Alisema mabomba ya kutolea maji upande wa mashariki ameyazibua kwa mkono wake kila masika tangu mwaka hamsini na moja, ndiyo maana mahindi yanasimama pale. Alisema zizi ni la kizamani kwa sababu lilijengwa na watu waliojua kujenga. Yaliyomkaa kifuani miaka thelathini na sita, kwa kuwa kwetu hayasemwi, aliyasema yote akiwa ameapishwa, na ninakuhakikishia hakukuwa na uongo hata wa punje. Nilisikia uchungu na nilisikia fahari, vyote mara moja, na sijui kilichozidi. Mke wa mchungaji alikuwa analia. Wakili wa benki alimshukuru, akaketi kama mtu aliyeshiba.

Ardis aligundua alichofanya pale alipoona uso wa Orlin. Mkono ukamwenda mdomoni. Nimemwona yule mwanamke akitolewa jino bila ganzi, na sijamwona na uso ule kabla wala baadaye.

Kubicek aliinuka. Hakuwa na karatasi. Alikunja na kukunjua vidole vyake vya mkono wa kulia, kisha akauliza.

"Bi. Haugerud, mwezi wa nne uliniweka kwenye lile shamba la kaskazini. Asubuhi moja tulitoa mawe kiasi gani?"

"Mbao sita zilizojaa. Ungekuwa na mgongo zingekuwa nane."

Watu wakacheka, na jaji hakutuzuia.

"Na mwaka uliotangulia mlikuwa mmeliacha na mawe?"

"Mwaka uliotangulia lilikuwa safi. Huwa tunaliacha safi."

"Basi yale yalitoka wapi?"

Ardis alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. Akasema yanatoka chini, baridi inayasukuma. Kila mwaka, Kubicek akauliza. Kila mwaka, Ardis akasema, tangu babu yake Orlin. Na mtu akilinunua shamba asiyaokote? Ardis alifikiri, maana hakuwahi kuliwaza jambo lenyewe. Akasema mwaka wa kwanza hataona tofauti. Wa pili plau litakatika. Wa tatu atalima akizungukazunguka, na wa nne atapanda nyasi na kuliita malisho. Kubicek akauliza na yale mabomba ya maji asipoyazibua. Ardis akasema hayo hayangojei miaka minne, masika moja tu na upande wa mashariki unakuwa bwawa la bata.

Kubicek akasema hana zaidi. Ndipo jaji, mzee mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kamba, akainama mbele kumwelekea Ardis. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kwa ajili yake mwenyewe, kama kuna mtu mwingine wilayani ambaye angelinunua shamba lile na kuokota mawe yale kwa mkono, madogo na makubwa, kila masika.

Nilimwona Ardis akipita kichwani nyumba kwa nyumba, barabara yote ya Hollum, akiwapima. Alifika kwangu pia, najua, kwa sababu alinitazama, kisha akaendelea mbele. Sikumlaumu. Mimi huruka madogo.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema mwishoni. "Tupo sisi tu."

Tulirudi nyumbani na keki iliyobaki. Kabla ya kushuka garini Ardis alisema ameliuza shamba kwa mdomo wake. Orlin alimjibu kwamba amesema kweli, basi. Kwa Orlin yale yalikuwa mahubiri.

Wiki tatu walikamua ng'ombe arobaini asubuhi na jioni bila kujua ni wa nani. Siku ya Alhamisi, wakati wa kukamua jioni, gari la Kubicek likaingia uani. Nilikuwa pale nimekuja kurudisha ndoo. Aliingia zizini na viatu vyake vya mjini, ng'ombe wakageuza vichwa, na Orlin akazima mashine ili asikike. Kubicek akasoma. Jaji alisema amewasikia wathamini wote wawili na hakumwamini yeyote kama alivyomwamini Bi. Haugerud, ambaye hakuwa na haja ya kusema aliyoyasema na aliyasema. Alisema mashamba safi ambayo benki inayasifu hayakuumbwa yakiwa safi, na mnunuzi wa kesho hatanunua mikono iliyoyasafisha. Kisha akaandika sentensi ambayo Kubicek aliisoma mara mbili:

"Benki ina rehani juu ya ardhi. Haina rehani juu ya mgongo wa Bi. Haugerud."

Halafu bei. Ilikuwa ya chini, karibu sawasawa na ile ya mthamini wetu. Wangeweza kuilipa. Orlin aliketi juu ya kibao cha kukamulia, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akabaki hapo. Mimi nililia waziwazi, wala sioni aibu.

Ardis alipokea karatasi. Aliisoma yote, na kidole kilipofika kwenye bei kikasimama.

"Wameliandikia bei ya malisho," alisema.

Kubicek akamweleza tena, kwa subira, kwamba hiyo bei ndiyo iliyowaokoa, kwamba ingepanda kidogo tu wangehama kabla ya theluji. Ardis akasema anajua. Akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo kwetu ni zaidi ya kukumbatia. Akamwambia abaki ale. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa mtoto wake na kuambiwa ana sura mbaya.

Miaka mitano walilipa walichopangiwa, bila kuchelewa hata mwezi, na siku karatasi ya mwisho ya mahakama ilipotoka Ardis aliendesha pikapu mwenyewe mpaka Hollum, akaiegesha mbele ya benki, akaingia duka la pili kununua uzi, na kuiacha pale mpaka jioni. Kila mtu aliiona. Hakuna aliyeuliza. Kubicek aliendelea kuja kila mwezi wa nne na viatu vyake mwenyewe, mpaka magoti yalipomkatalia, na hajawahi kulipwa kwa siku hizo.

Orlin tulimzika miaka sita iliyopita. Ardis ana themanini na moja, mjukuu wake ndiye anayeendesha trekta, na yeye anafuata nyuma ya ubao na fimbo, akiyaonyesha madogo yaliyorukwa.

Ile hukumu iko jikoni kwake, ukutani juu ya meza, ndani ya fremu. Mgeni anasoma mistari michache tu ya katikati, ile ya mgongo, kwa sababu karatasi imekunjwa juu na chini ndipo ikafungiwa kioo. Nilikuwa nimekunywa kahawa chini yake miaka mingi kabla sijamwuliza kwa nini aliikunja, na ile bei iko upande gani.

"Bei iko nyuma," alisema. "Ile ni hesabu yao, si yangu."

Kisha akanimiminia kahawa, akachungulia dirishani, akaniuliza kama nimeona shamba la kaskazini lilivyo mwaka huu. Nikamwambia si baya.

"Si baya," Ardis alisema, akainuka kutafuta glavu.